Jasho la Kupaka

Jumatatu, 3 Juni

Mwezi wa pili huku mlimani, na bosi hajui! Anaamini nipo kwetu, ng'ambo ya mpaka, bondeni, kwenye joto. Sheria ya kampuni haina utani: anayefanyia kazi nyumbani akae ndani ya nchi. Ukihama kimyakimya, kibarua kimeota nyasi. Mimi nimehama kimyakimya. Chumba safi, dirisha linatazama kilele, nalala usingizi wa mtoto. Kutwa najibu malalamiko ya watu ambao majokofu yao hayagandishi. Mimi mwenyewe nimeganda.

Saa tatu kila asubuhi bosi anataka kutuona sura kwenye kompyuta. Basi navaa fulana ya kwapa wazi, najipaka maji na mafuta ya kupikia kwenye paji la uso, najipepea kwa kifuniko cha sufuria. Leo bosi kanipa pole ya joto. Nikasema acha tu, bosi, tunaungua. Meno yakagongana. Nimesingizia mtandao.

Jumanne, 4 Juni

Toba! Mvuke umenitoka mdomoni mbele ya wenzangu tisa! Bosi akauliza kama siku hizi navuta sigara kazini. Nikasema ni uji wa moto. Akataka kuuona huo uji. Uji gani? Nikainua kikombe cha mswaki. Akakikodolea macho, halafu akanigeukia: jana mchana nilikuwa wapi, mbona simu sipokei, atanivumilia mpaka lini. Sauti yake ya kike ilifika barabarani.

Kugeuka, fundi cherehani wa chumba cha pili kasimama mlangoni. Simpendi huyu mtu. Eti kaja kuazima mkasi. Fundi cherehani kuazima mkasi! Akaitazama fulana, akalitazama jasho, akakitazama kifuniko. Akasema pole sana ndugu yangu, akaondoka kwa kunyata.

Jumatano, 5 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nimepata dawa ya mvuke: barafu mdomoni. Pumzi ikipoa, haionekani. Akili nyingi! Saa tatu kamili nimekaa, fulana, jasho, kifuniko, shavu limejaa barafu. Bosi akaanza tena kuuliza nilikuwa wapi juzi mchana.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama mwenye nyumba, na blanketi! Nyuma yake fundi! Mama akanifunika gubigubi, akajiweka mbele ya kompyuta, akamwambia bosi: mwanangu, najua huyu mumeo kakukosea, wanaume ndivyo walivyo, lakini adhabu hii imezidi. Kila asubuhi unamkalisha nusu uchi kwenye baridi ya mlima huku unamfokea! Akifa utamlilia nani? Mrudishe nyumbani, mama.

Fundi akadakia: kweli kabisa, shemeji, msamehe tu.

Mimi nilitaka kupiga kelele. Barafu! Nikatoa sauti ya ndama. Wenzangu tisa wamelala juu ya meza zao kwa kicheko. Bosi hakucheka. Akamshukuru mama, akamuaga vizuri, akazima.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbili bosi haniiti, hata ile saa tatu. Sikula. Nimekaa dirishani naangalia kilele na machozi yananitoka, ya kweli, si ya kupaka. Kazi ikienda, chumba kimekwenda. Nitarudi bondeni kulala sebuleni kwa kaka, chini ya miguu ya watoto wake.

Saa nane bosi kapiga. Nikajitetea mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema ninyamaze. Alijua tangu wiki ya kwanza! Wote walijua! Kifuniko cha sufuria kinang'aa kama kioo: kila nikijipepea, mlima mzima na theluji yake ulikuwa unapita mbele ya macho yao. Waliwekeana zamu ya kuhesabu umepita mara ngapi!

Nimekaa chini sakafuni.

Lakini eti wateja wananipenda, hataki kunipoteza. Niandike barua ya mistari mitatu: nilipo, tangu lini, kwa nini. Ukweli mtupu. Atasaini, nitabaki. Nikaapa kwa jina la mama yangu mzazi.

Jumatatu, 10 Juni

Barua niliandika alfajiri. Nipo mlimani. Tangu mwishoni mwa Aprili. Kwa sababu napapenda. Nikaisoma. Aibu gani hii! Mtu mzima ahame nchi kwa sababu ya kupenda dirisha? Nikaongeza mstari mmoja tu, kuipa uzito: daktari aliniamuru, kwa ajili ya mapafu.

Bosi kajibu baada ya dakika nne. Aliomba mistari mitatu, anaona minne. Sasa anataka cheti cha huyo daktari, chenye muhuri, kabla ya saa tatu kesho. Bila cheti, hakuna kazi.

Nimebisha hodi kwa fundi. Kumbe si mtu mbaya! Kakata kandambili kuukuu, kachonga muhuri kwa wembe, nusu saa tu. Mama mwenye nyumba kachungulia kuuliza mke wangu amesemaje. Sikutaka kumvunja moyo, nikasema anakuja mwisho wa mwezi. Kaenda kutafuta kitanda kikubwa.

Cheti kipo tayari hapa mezani, kizuri sana. Maandishi ya muhuri tu ndiyo yametoka kinyume, kuanzia kulia kwenda kushoto. Bosi akiuliza, nitasema daktari wa huku anatumia mkono wa kushoto.