Namba Kumi na Nne kwa Daktari wa Midomo

Jumatatu, 6 Juni 1983

Nimeamua. Mdomo wangu wa juu utatengenezwa.

Sababu ni hii. Kiwanda cha sabuni kinatafuta sura ya mwanamume kwa kalenda ya mwaka ujao. Sura moja, miezi kumi na miwili, ukutani katika kila duka kuanzia hapa Kisangani mpaka Ubundu! Tumebaki wawili. Mimi, Kasongo, karani wa vifurushi kwenye gare, stesheni ya gari la moshi, kule Lubunga, miaka arobaini na moja, nywele zote zipo. Na Paluku, mchuuzi wa vitenge kutoka Butembo, ambaye hana lolote ila midomo.

Lakini midomo anayo. Hii ni shajara yangu, lazima niwe mkweli.

Papa Léon, mpiga picha wa kiwanda, alitupiga picha za majaribio Ijumaa. Leo katuonyesha. Yangu aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema macho ni mazuri, paji la uso ni zuri, lakini nikicheka mdomo wa juu unapotea. Akauliza kwa upole kabisa: "Citoyen, ile ya juu inaendaka wapi?" Paluku alicheka mpaka akashika ukuta. Picha ya mwisho ni Jumamosi.

Nyumbani nikamweleza dada yangu Marthe, ninayekaa naye Kabondo. Akasema marehemu papa, baba yetu, alikuwa na mdomo huohuo na alipata wake wawili. Nikamjibu kwamba papa hakugombea kalenda.

Jioni akapita jirani yetu Philomène, muuguzi. Eti kuna daktari amefika kutoka Kinshasa kwa wiki moja tu. Daktari wa midomo. WA MIDOMO! Sikumaliza sahani yangu ya pondu.

Jumanne, 7 Juni

Hospitali kabla ya kazi. Philomène akanifafanulia. Daktari anashona midomo ya watu waliozaliwa nayo imepasuka. Uzi na dawa alivyoleta vinatosha watu kumi na wanne, si zaidi. Kumi na watatu walikwisha andikwa.

Nikasema wangu ulipasuka pia tumboni mwa mama, ukajiponya wenyewe. Philomène akanisogelea, akasema haoni kovu. Nikasema ndivyo ulivyopona vizuri. Akachukua kalamu. Akasema bon, daktari ana macho yake, akaniandika. Namba 14! Kwenye karatasi ni Kasongo tu. Wenceslas, jina la ubatizo, limebaki nyumbani tangu Serikali ilipokataza majina ya Kizungu, na Marthe halitumii ila akikasirika. Yaani nalisikia kila siku.

Nilimpita Paluku mlangoni pa duka lake. Akauliza kama mdomo umerudi safarini. Nikamwinamia kichwa kama mkubwa anavyomwinamia mdogo. Ngoja tu.

Jumatano, 8 Juni

Leo ndiyo consultation, kupimwa na daktari. Nilivaa abacost ya buluu, ile suti isiyo na tai. Nilidhani daktari atatoa kitabu cha midomo nichague, kama kwa fundi cherehani. Tena nilikata picha ya mwanamuziki mmoja gazetini nije nimwonyeshe: hii, tafadhali, lakini kubwa kidogo.

Kwenye benchi nilikaa karibu na msichana wa miaka kama ishirini na miwili, amejifunika kitenge kuanzia puani. Anaitwa Euphrasie. Alikuja na baba yake, papa Amuri, mvuvi wa Ubundu. Gari lao la moshi liliharibika njiani, wakakaa siku mbili porini. Walipofika orodha ilikuwa imejaa. Yeye ni wa kumi na tano, anangoja kama kuna mtu atakosa. Gari la moshi la kwetu! Nilitaka kusema pole kwa niaba ya ofisi.

Wakaniita. Docteur Lifoko ni mwanamke mfupi, miwani minene, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala. Alinitazama kwanza bila kunigusa. Kisha akanikalisha dirishani, kwenye mwanga. Akatoa rula ndogo ya chuma, akapima upana, urefu, kushoto, kulia, akaandika. Funga. Cheka. Vimbisha mashavu. Piga mluzi. Sema papa, mama, buku. Nilisema "papa" kwa hisia nyingi sana. Akauliza kama navuta sigara, kama kuna dawa inayonidhuru, kama homa huniachia malengelenge mdomoni, kama kidonda changu kikipona huacha kovu lililoinuka. Nilijibu yote vizuri, kama mtihani.

Halafu akauliza swali ambalo sikulisoma. Nakosa nini maishani ambacho mdomo huu ungeniletea?

Nikasema kalenda.

Hakucheka. Aliweka rula mezani. "Mudomo yako iko muzima, citoyen. Inafunga, inakunywa, inapiga mluzi." Akanieleza. Kuunenepesha ni kukata kwa ndani na kuvuta nje. Utavimba majuma. Kovu litabaki, pengine upande mmoja utapita mwingine. Pengine hautasikia tena kama supu ni ya moto. Alisema wako watu katika miji mikubwa wanaopiga sindano za mafuta ya silikoni midomoni, na yeye mwenyewe alimtoa mwanamke mmoja mabonge hayo, kipande kwa kipande. Nusu ya kazi yake, akasema, ni kusema hapana. Alors, leo nimepewa nusu hiyo.

Akaandika kwenye karatasi yangu: "Hakuna upasuaji." Akaniagiza niipeleke mwenyewe kwa Philomène, ili nafasi apewe mwingine.

Karatasi niliitia mfukoni mwa abacost. Mfuko ni mrefu. Philomène sikumwona. Yaani nilimwona, lakini alikuwa na kazi.

Euphrasie akauliza kama daktari anaumiza. Nikamwambia hata kidogo, ukimzoea.

Alhamisi, 9 Juni

Nimepata! Nilikuwa napanga magunia ya samaki wakavu, wazo likanijia lote zima. Daktari anatengeneza midomo mibaya. Wangu si mbaya vya kutosha. Donc, uwe mbaya! Akiniona kesho kwenye meza ya upasuaji, mdomo umevimba ovyo, ataacha kweli mtu wa watu aondoke hivyo? Itambidi aukate, na akikata itambidi aupe umbo. Jina langu bado liko kwenye orodha, asubuhi, wa mwisho.

Sokoni nilimwomba mwuza asali anipe nyuki wawili wazima. Akauliza wa nini. Nikasema sayansi. Akawatia katika kibiriti.

Nilipita hospitalini kuilinda namba yangu. Euphrasie na baba yake walikuwa wanakula uani, wakanikaribisha. Akanimenyea kwanga, mkate wa muhogo, akaniwekea juu makayabu, samaki wa chumvi. Yeye mwenyewe aligeukia ukuta ndipo akala. Anaongea polepole, na maneno mengine yanatokea puani, lakini ukisikiliza unaelewa yote. Alisema dada yake alipoolewa, kwenye picha ya ukoo yeye alimbeba mtoto mkubwa kuliko wote, akamwinua mbele ya uso wake. Mtoto alikuwa mzito. Mikono ilimuuma hadi kesho yake. Alicheka aliposema hivyo, na kitenge kikamtoka kidogo, akakirudisha haraka.

Papa Amuri akasema anaomba Mungu nafasi moja ipatikane, "lakini bila mutu kupatwa na mubaya." Wakirudi hivi hivi, hajui lini daktari mwingine atakuja. Mara ya mwisho Euphrasie alikuwa na miaka sita.

Nilisikia kitu kifuani. Pengine ni makayabu. Karatasi ilikuwa mfukoni, niliigusa mara mbili. Mara ya pili niliitoa kabisa, nusu. Kisha nikafikiria miezi kumi na miwili ya Paluku ukutani.

Bon. Nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 10 Juni

Naandika alasiri. Mkono ni mzima, ndicho kilichobaki.

Mpango ulikuwa huu: nyuki mmoja katikati ya mdomo wa juu, wa pili akiba. Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya nyumba, nikafungua kibiriti. Wa akiba hakuambiwa kwamba yeye ni wa akiba. Wa kwanza alichoma juu, kushoto. Wa pili chini, kulia. Na mwuza asali ni mtu mkarimu mno, alinitilia watatu! Huyo wa tatu aliingia puani.

Marthe alitoka mbio kwa ajili ya kelele. "Wenceslas! Wenceslas!" Kabondo nzima sasa inajua jina langu la ubatizo.

Nilipofika hospitali mdomo wa juu ulikuwa andazi lililozidi chachu, na wa chini uliondoka kuelekea shingoni. Nikalala kitandani, nikafunga macho, kama mtu aliyezaliwa hivyo.

Docteur Lifoko aliinama. Akamuuliza Philomène kama huyu ni mtu yuleyule. Kisha hakuuliza tena, alinikalisha wima, akatazama koo, akasikiliza pumzi, akanipiga sindano. Alisema nyuki mdomoni wanaweza kufunga koo, na amewahi kumwona mtu akifa hivyo, mtu mzima mwenye nguvu. Hapo nami niliogopa. Niliogopa sana, naandika kwa sababu ni kweli.

Pumzi ilipokaa sawa, Philomène alichukua abacost aitundike. Karatasi ikaanguka. Akaisoma. Akampa daktari. Walinitazama wote wawili, na hakuna aliyenipigia kelele, na ingekuwa afadhali wangepiga.

Daktari akauliza nani anangoja. Philomène akasema yule msichana wa Ubundu.

Nikasema: "Ile namba ni yangu!" Lakini bila midomo ilitoka: "I-e awa i a-u." Daktari akauliza anasema nini. Philomène, ambaye amenijua miaka kumi na tano, akanikazia macho, akajibu: "Anasema namba apewe ule dada."

Papa Amuri aliitwa. Aliingia bila viatu, akapiga magoti pale kwenye saruji, akashika mikono yangu yote miwili na kulia. Alisema: "Sikujui, papa, hunijui, na umemtolea mtoto wangu nafasi yako na wewe mwenyewe uko mbaya namna hii." Mtu ajibu nini, na kwa midomo gani? Nilitikisa kichwa kukubali.

Baadaye daktari aliomba ruhusa anipige picha ya kufundishia wauguzi. Nikakaa vizuri mara moja. Nilimpa upande wa kushoto.

Jumamosi, 11 Juni

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, nimesamehewa. Kiwandani nilikwenda hata hivyo! Nani ajuaye?

Papa Léon alinitazama, akashusha kamera. Siwezi kusema, nikamwandikia kwenye karatasi: "Ulitaka mdomo." Akajibu kwamba hakuutaka wote.

Paluku hakucheka. Alinitafutia kiti, akanitafutia na mrija, ninywe maji. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisha akakaa mbele ya kitambaa cheupe, akatabasamu, na midomo yake yote miwili ikabaki mahali pake. Klak. Nimeshindwa na mtu mwema, jambo baya kuliko yote.

Euphrasie alishonwa jana zaidi ya saa mbili. Marthe alimpelekea uji. Mimi nilipelekewa maneno.

Jumapili, 19 Juni

Uvimbe umekwisha. Mdomo wa juu umerudi ulikokuwa, yaani hakuna.

Jana Euphrasie alitolewa nyuzi. Leo amekuja na baba yake kuaga, kesho wanapanda gari la moshi. Bila kitenge. Kuna mstari mwekundu kutoka puani hadi mdomoni, bado umevimba kidogo. Alikaa mezani katikati yetu, uso mbele, akapuliza chai. Aliipuliza mpaka ikapoa kabisa, na bado akawa anapuliza. Marthe aliingia jikoni na kukaa huko muda mrefu kwa mtu aliyefuata sukari.

Nilitaka kusema ukweli. Nilikwisha fungua mdomo. Ndipo papa Amuri akanikabidhi samaki wa kukaushwa, urefu wa mkono wangu, kwa ajili ya moyo wangu mwema. Nikaona nisimharibie safari.

Habari nyingine. Mkurugenzi wa kiwanda amebadili mawazo: kalenda itakuwa na maporomoko ya Tshopo, kwa sababu maji hayaombi kupigwa picha tena. Maskini Paluku! Nilikwenda kumpa pole. Tulikunywa bia moja moja, akakubali kwamba upande wangu wa kushoto si mbaya.

Picha yangu ile ya daktari, kinyume chake, ipo. Philomène ameibandika kwenye mlango wa hospitali, na chini ameandika: "Usifanye hivi." Baada ya misa nilisimama kando nione. Watu ishirini na watatu walisimama kuitazama! Mama mmoja aliita na mumewe.

Na papo hapo nikasikia jambo. Mwuza baiskeli mmoja wa Makiso anatafuta mwanamume wa kuchorwa kwenye ukuta wa duka lake. Uso hautaonekana. Ni miguu tu, kuanzia gotini kwenda chini. Paluku ana miguu ya kuku, hawezi hata kuthubutu.

Nimekunja suruali, nimejipima kwa utepe wa kupimia wa Marthe. Unene wa muundi wa kushoto, sentimita thelathini na moja. Wa kulia, thelathini.

Imepungua moja tu. Kesho mapema nitamuuliza Philomène daktari wa miguu anafika lini.