Masharubu Yangu na Kompyuta ya Kaseti

Jumapili, 3 Machi
Nimeteremsha kompyuta yangu kutoka juu ya kabati. Nilikuja nayo kutoka Kuwait, enzi zangu za kuweka vigae. Unaichomeka kwenye televisheni, michezo inatoka kwenye kaseti. Mji wetu mzima wa Tanta hakuna mwenye nayo ila mimi! Bayumi kinyozi akasema mkahawani kwamba huo ni mzoga, nikauzike. Watu wakacheka. Nikaapa kwa masharubu yangu: Alhamisi mchezo utaonekana hapa hapa, la sivyo ayanyoe. Tangu ujana wembe haujayagusa. Kwa nini niliapa?

Jumatatu, 4 Machi
Nimeifungua. Vumbi. Mende wawili, maiti. Nikasugua nyaya kwa siki. Nikawasha: kioo cha buluu! Fundi ni mimi! Kisha nikacheza kaseti ya mchezo. Lahaula! Inalia kama paka aliyebanwa mkia. Bayumi anakaa chini yetu, akisikia atasema inakata roho. Nikapunguza sauti ikawa mnong'ono. Kompyuta kimya. Nikarudia. Kimya.

Jumatano, 6 Machi
Bado. Huko chini Bayumi ananoa wembe, nasikia. Mke wangu Fawkia ananiambia, Baba Ragabu, kama wewe mwenyewe huisikii hiyo kaseti, mashine itasikia nini? Nikamwambia akaangalie mlo wake jikoni. Nikaenda kuswali. Kurudi, mchezo uko kwenye kioo, kijitu kinaruka mashimo! Eti amefungulia sauti yote. Nikamweleza kwamba ni siki, imechelewa tu kufanya kazi. Akarudi jikoni.

Alhamisi, 7 Machi
Mkahawa umejaa. Bayumi kaja na wembe, bakuli na taulo, maskini. Nikasugua nyaya kwa siki mpaka mtu akauliza nani kafungua achari. Kaseti ikaanza kulia. Watu wakaziba masikio, wakacheka. Nikapunguza. Fawkia akapiga kelele kutoka roshani yetu ng'ambo ya barabara: pandisha sauti, Baba Ragabu, pandisha! Anifundishe kazi mbele ya watu? Nikapunguza zaidi. Kioo kitupu. Bayumi akanifunga taulo. Akaniuliza kwa adabu: maji yana joto la kutosha, Haji?

Ijumaa, 8 Machi
Mdomo wa juu unapigwa na baridi. Nimewaza mpaka nimelipata kosa. Siki haikuwa kali. Ndimu! Nimenunua kapu zima. Nikashuka kwa Bayumi, nikamwambia Alhamisi ijayo. Akauliza, Haji wangu, umebakiwa na nini cha kuweka rehani? Nikamwambia: nyusi. Zote mbili.