Nyumba Aliyoikagua Kipimo

Kipimo aliposikia kwamba mkunga mmoja mstaafu anauza nyumba yake ili ahamie kwa bintiye, alipangusa kofia yake ngumu ya njano na kumshukuru Mungu kwa riziki. Jina hilo alipewa kwa sababu ya pimamaji ya uashi aliyotembea nayo kwapani, ingawa, msema kweli mpenzi wa Mungu, hakujua hata inavyosomwa.

Kazi yake ilikuwa kuwakagulia watu nyumba kabla hawajanunua. Mnunuzi akishatishwa na kukimbia, Kipimo hurudi peke yake kwa mwenye nyumba, akajitia huruma, akainunua kwa bei ya kutupa. Wiki mbili baadaye anaiuza kwa bei yake halali.

Safari hii mnunuzi alikuwa fundi cherehani mwenye watoto watano na woga wa kutosha ukoo mzima.

Kipimo alipita chumba hadi chumba. Hakusogeza kabati wala hakupanda darini. Ya nini, na maneno anayo? Aligonga ukuta, akatega sikio, akaguna kama daktari mwenye habari mbaya.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu," fundi alisema.

"Ndiyo hatari yenyewe. Nyuma ya kabati hili ukuta umepasuka juu hadi chini. Mbao za paa zimeliwa na mchwa. Na msingi unazama upande wa jikoni."

Fundi akainua mguu mmoja, asije akauongezea msingi mzigo.

Mkunga alikuwa mlangoni, mkono kifuani. "Yote hayo umeyaona, mwanangu?"

"Mama, macho haya hayajawahi kunidanganya."

Fundi aliaga akiwa tayari yuko barabarani.

Kesho yake Kipimo alirudi na mkataba, mfukoni akiba yake yote na pesa nyingine alizomlainisha shemeji yake mpaka akazitoa.

"Mama, usingizi sikuupata kwa ajili yako. Nitaichukua hivyo hivyo, nusu bei. Hasara yangu."

Mkunga alilia kidogo, akajifuta machozi. "Basi andika humo kwamba umeikagua mwenyewe na ubovu wake unaujua. Nisije nikalaumiwa uzeeni."

Kipimo aliandika mbio mbio, bibi asije akabadili nia.

Siku hiyo hiyo wapagazi wa mkunga waliondoa kabati kulipakia kwenye lori. Nyuma yake palikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Kipimo akaparamia darini. Boriti aliyoishika ikamwagika kiganjani kama unga. Akakimbilia jikoni. Pale sakafuni, kitunguu kilichoanguka kilikuwa kinajibingirikia chenyewe kuelekea ukutani.

Alilikuta lori linawashwa, mkunga amekaa mbele na pochi yake mapajani.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mwanangu? Mimi nilikuwa kimya zangu, rangi nimepaka, kabati nimeliegemeza. Yule fundi angeinunua bila neno. Ukaja wewe ukayataja yote, moja moja, utadhani ulizaliwa humu. Nikasema, huyu hafichwi kitu."

Lori likaondoka.

Jioni shemeji yake alifika, amevaa vizuri, kutazama walichonunua. Akasimama mlangoni, akainua mkono apige hodi.

"Usigonge!" Kipimo alipiga yowe kutoka ndani. "Ingia polepole, shemeji. Na tafadhali usiegemee popote."