Jina Langu Haikuhusu

Jamani, leo nimeaibika. Si kidogo. Nimeaibika mpaka kwenye kucha.

Wacha nianzie pale mambo yalipoanzia, ndipo mnihukumu kwa haki.

Mnalijua duka la Bi Zuhura hapa Voi, lenye simu, faksi, na siku hizi kompyuta moja ya intaneti. Mwezi jana Bi Zuhura alibonyeza kishale fulani pale juu ya brausa, ile programu ya kusomea intaneti, ikateremka orodha ya kurasa zote ambazo watu wamesoma. Ukurasa mmoja ulikuwa wa dawa ya kukoroma. Kufika adhuhuri, mji mzima ulishajua ni mwalimu gani anayekoroma. (Hata mimi nilisaidia kusambaza. Mungu anisamehe.)

Basi nikaingiwa na hofu, kwa sababu nami nilikuwa na siri. Natafuta kazi! Kuna hoteli ya watalii inataka karani wa kupokea wageni, na ofisi yao ya Mombasa inapokea maombi kwa barua pepe. Sasa tajiri wangu, Mzee Kamau wa duka la mabati na misumari, huingia kwa Bi Zuhura kila siku kutuma faksi. Na alishatuambia wazi: "Mtu akitafuta kazi kwingine, aende leo leo. Asingoje kesho."

Nikaazima gazeti la kompyuta, nikalisoma lote. Kumbe brausa ni mbea kutushinda sisi! Inaweka kumbukumbu ya kila unachosoma. Inapokea vijifaili vinavyoitwa kuki, vinakufuata kila unakokwenda. Tena brausa nyingine, lilisema gazeti, zinapeleka habari zako kwa waliozitengeneza. Nikasema, mimi hainipati.

Jumatatu nikaja na brausa nyingine, ndogo, inaingia yote kwenye diski moja. Ukimaliza unachomoa diski yako, unaondoka nayo. Nikaiamuru iniulize kwanza kabla ya kupokea kuki yoyote. Bi Zuhura akaja kusimama nyuma yangu.

"Yauliza nini hiyo?"

"Kama nakubali kuki."

"Kuki? Mchana huu wa Ramadhani? Ikatae!"

Nikaikatalia. Ikauliza tena. Nikaikatalia. Nadhani tulikataana mara thelathini. (Ukurasa wenyewe ulikuwa mmoja.)

Gazeti lilisema pia: usiipe brausa jina lako la kweli. Nikaenda mahali pa kujaza habari zangu. Jina? Nikaandika Haikuhusu. Anwani ya barua pepe? Haikuhusu tena. Kampuni? Umbea Mtupu. Nilijiona mjanja huyo! Nikaambatisha barua yangu ya kuomba kazi, nikaongeza mistari miwili tu: someni barua iliyoambatishwa, nipigieni simu kwa Bi Zuhura, nambari hii hapa, niko hapo kila siku saa saba. Nikatuma. Nikachomoa diski, nikaitia kwenye mkoba, nikatoka nikitembea kama jasusi.

Leo saa saba niko pale. Bi Zuhura yuko kaunta. Mzee Kamau anailisha faksi karatasi zake. Kwenye benchi kuna watu kama sita wanangoja zamu. Simu ikalia.

"Halo! Ee, ndipo. Wamtaka nani?"

Akasikiliza. Macho ya Bi Zuhura yakatoka.

"Hainihusu? Wanipigia mimi, dukani kwangu, nakuuliza kwa adabu wamtaka nani, waniambia hainihusu? Haya, sema tena, wamtaka nani? ... Ala! Mara ya pili!"

Akaibwaga simu. "Mwanamke mzima, na sauti nzuri, kazi yake kunitukana na swaumu yangu!"

"Watu wa ofisi wako hivyo," Mzee Kamau akasema.

Tukacheka sote. Aliyecheka zaidi? Mimi. Nilijifuta machozi na leso.

Simu ikalia tena.

"Halo... Ati ni jina? Haikuhusu ndilo jina la mtu? Na babake aitwa nani, Shauri Yako?"

Benchi zima likavunjika mbavu. Mimi nikaacha kucheka. Kumbe jina unaloiandikia brausa ndilo linalokaa juu ya barua pepe unayotuma! (Mengine nimeambiwa baadaye: barua niliyoambatisha ilikataa kufunguka. Walijaribu kunijibu, jibu likawarudia. Wakabaki na nambari ya Bi Zuhura na mtu anayeitwa Haikuhusu.)

Bi Zuhura akaziba simu kwa kiganja. "Enyi watu! Haikuhusu ni nani hapa? Ni kazi ya hoteli. Asema asipompata sasa hivi, amwita anayefuata."

Nikamtazama Mzee Kamau. Nikaitazama simu. Nikiinuka, kazi ya misumari imekwenda. Nikikaa, ya hoteli imekwenda. Na hiyo ya hoteli naitaka, jamani! Miaka minne napima misumari kwa kilo, vidole vyangu vinanuka chuma hata Jumapili kanisani. Nikainuka.

"Ni mimi."

"Wewe ndiwe nani?"

"Haikuhusu."

"Hata wewe, Mkawasi!"

Ilibidi niape mbele ya watu wote ndipo akanipa simu.

"Haikuhusu wa Umbea Mtupu?" sauti ikauliza.

"Ndiyo, madam. Lakini jina langu hasa ni Mkawasi."

Nikasikia kicheko, na si cha mtu mmoja. Ofisi nzima ilikuwa imeizunguka ile simu! Nikamweleza habari ya brausa, kuki, gazeti, yote, huku jasho linanitoka. Akasema wageni wao wengi hawapendi kujulikana walipo, na mtu anayehangaika hivi na siri angependa kumwona. "Njoo Alhamisi saa nne. Na tafadhali uje na kitambulisho."

Nikaweka simu. Mzee Kamau anakunja karatasi zake polepole.

"Mkawasi."

"Naam, mzee."

"Hiyo hoteli inajenga?"

"Nasikia wanaongeza vyumba."

"Basi Alhamisi nenda. Na uwaulize mabati wananunua wapi."

Nusura nimkumbatie! Nimerudi kazini nikiimba, nimepima misumari mchana kutwa na furaha tele, na kila mteja anayeingia ananiuliza jina langu nani kisha anacheka kabla sijajibu.

Kwa hiyo nawaomba msicheke, nimeshachekwa vya kutosha. Kompyuta za dunia nzima hazijui lolote kunihusu. Anayejua ni Voi, na Voi haina pa kubonyeza ufute.