Ombi la Kubaki na Iteka kwa Njia ya Santuri

Jumatatu, tarehe 5 Juni 2023, Baraka

Hali ni hii. Binti yangu Arlette anakwenda Uvira wiki ijayo, kujifunza ushonaji. Miezi mitatu. Mumewe Willy yuko Ubwari, anavua. Mtoto wao Iteka, mwenye umri wa miaka miwili na miezi minne, atabaki kwangu au kwa mama yake Willy, Mama Suzanne wa Nundu. Uamuzi ni Jumapili.

Nimemwandikia Arlette ombi rasmi, kurasa mbili, ingawa tunakula meza moja. Amezitumia kufunikia uji.

Hoja yangu kuu: Mama Suzanne humtuliza mtoto kwa simu. Juzi simu ilianza na nyimbo za bata, ikajiendea yenyewe hadi kwa wanaume wanaopigana mieleka. Iteka akampiga jirani kichwa. Arlette alikasirika mno. Hapo nimeona nafasi yangu! Mimi nitatumia santuri ya video. Santuri ina mwanzo, kiini na hitimisho, kama barua iliyoandikwa na mtu mwenye adabu. Ikiisha, imeisha.

Jumanne, tarehe 6

Nimekwenda sokoni kwa Anatole, muuza santuri na fundi redio. Nilieleza haja yangu kwa utaratibu. Alinikatiza. Alisema, "Papa Rénovat, sema tu unataka katuni ya mutoto." Amenipa mashine ya mtumba ya kuchezea santuri, ambayo yeye huiita lekteri, na santuri yenye picha ya simba anayecheka.

Saa tisa alasiri. Betri ya sola imejaa. Nilimketisha Iteka mkekani mbele ya televisheni, nikatoa utangulizi mfupi. Simba hakutokea. Alitokea daktari wa mifugo, akamchoma mbuzi sindano. Kisha mbuzi wa pili. Mbuzi kumi na wanne!

Iteka alilia hadi Mama Suzanne akaingia. Wiki hii amefikia kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Bahati mbaya. Alicheka akishikilia mlango. Alisema, "Baba Arlette! CD? We uko mu mwaka gani? Mutoto anaomba bata, unamupa daktari ya mbuzi!" Akafungua simu. Bata wakaimba papo hapo. Kwa heshima ya ukwe, nilizima mashine.

Jumatano, tarehe 7

Nimerudisha santuri pamoja na malalamiko ya maandishi. Anatole hakuyasoma. Alieleza kwamba yeye hubandika picha yoyote iliyopo, lakini ndani iko kazi safi. Akanipa nyingine, yenye samaki wa rangi. Ndani: mahubiri, muda wa saa tatu. Iteka alisinzia kabla ya sala ya kufungua. Nikaandika: "Matokeo: mtoto ametulia." Arlette amekataa kutia sahihi.

Alhamisi, tarehe 8

Ushindi! Nimepekua sanduku la vyeti vyangu, nikapata santuri ya harusi ya Arlette na Willy, iliyofanyika Lubondja. Iteka aliganda. Kisha akapiga kelele, "Koko!" Maana kwenye televisheni alikuwapo bibi yake, Mama Suzanne, amejifunga kitenge cha manjano, anacheza na kikapu cha unga kichwani bila kukishika.

Baadaye ilifuata hotuba yangu, baba wa bibi harusi. Dakika hamsini na mbili. Mpiga picha hakukata hata neno. Iteka alilia kwa sauti. Mtoto ana hisia! Nami nilijifuta macho.

Santuri ikaisha. Akasema, "Ingine." Tumerudia mara tano.

Ijumaa, tarehe 9

Mara nane. Iteka amejifunza kubonyeza kitufe cha kuruka mbele. Hukibonyeza hotuba yangu inapoanza. Ni dhahiri kwamba anaitunza ili aifaidi baadaye.

Jumamosi, tarehe 10

Mama Suzanne alileta simu. Iteka aliisukuma, akaonyesha mashine. Arlette aliona kwa macho yake. Alisema, "Papa, kwa hii ya CD uko na haki." Nilimwomba arudie polepole, nikaandika.

Jumapili, tarehe 11

Kikao, baada ya kanisa. Nilisimama na kurasa tano. Nilikuwa bado kwenye salamu Mama Suzanne alipoingia. Kitenge cha manjano! Kile kile!

Iteka alitazama televisheni iliyozimwa. Akamtazama bibi yake. Akakimbia jikoni, akarudi anaburuta kikapu. Akaamuru, "Koko, cheza!" Mama Suzanne aliweka simu chini, akaweka kikapu kichwani, akacheza katikati ya viti. Hakukishika. Iteka akacheza. Arlette akacheza. Mimi nilishikilia kurasa.

Uamuzi: simu imekataliwa, santuri imekubaliwa. Hoja zangu zimepita zote. Mtoto anakwenda Nundu. Pamoja na mashine. Pamoja na santuri.

Mlangoni Mama Suzanne alisema kwa sauti ya chini, "Baba Arlette, ukuje kila Jumamosi. Usilete makaratasi."

Jumatatu, tarehe 12

Wameondoka asubuhi, wote. Mkeka uko pale pale. Sijaukunja.

Nimechunguza chanzo cha kushindwa. Katika siku nne mtoto ameona ngoma mara ishirini na zaidi, lakini hotuba yangu ameiona Alhamisi tu. Kwa hiyo kasoro ni uhaba wa hotuba.

Nimekwenda kwa Anatole. Keshokutwa atanirekodi: mimi, kiti, koti. Kurasa kumi na tisa, dakika tisini, hakuna ngoma. Aliuliza kama nisingeweka hata kikapu kidogo kichwani. Nimemjibu kwa maandishi.

Jumamosi nitakwenda Nundu. Sitapeleka makaratasi, kama nilivyoombwa. Nitapeleka santuri. Na bisibisi, ya kung'olea kile kitufe.