Kompyuta Isiyopumua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ndiyo leo! Maktaba inataka kompyuta kumi na mbili, ndogo, kimya, zisizokula umeme mwingi, maana umeme ukikatika wanategemea betri. Mafundi wawili tumeambiwa kila mmoja apeleke moja ya mfano Jumamosi, mkutubi mkuu achague. Mshindi anapata kazi pamoja na chumba cha nyuma ya maktaba, kiwe karakana yake. Chumba! Mke wangu amenikumbusha kwamba huu ni mwezi wa nne familia inakula ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa meza ya chakula imejaa nyaya na bisibisi zangu. Jumapili meza inasafishwa, kasema, chumba kipatikane kisipatikane, na vitu vyangu vitakwenda bandani kwa kuku. Nimemwambia aondoe shaka. Fundi wa pili ni kaka yake tu.

Nimeanza na la muhimu: kasha. La alumini, jeusi, dogo kama nusu mkate. Nimelibeba mkononi njia nzima ili watu walione. Wameliona watu wawili.

Jumanne, tarehe 4

Prosesa nayo, ubongo wa kompyuta, nimenunua. Ya wati sitini na tano, ina nguvu za maksai. Kwa nini nipeleke mnyonge? Kasoro moja. Kipoza joto cha kukaa juu yake kina kimo cha sentimita saba, na ndani ya kasha kuna nafasi ya nne. Nimepima mara tatu, kwa rula mbili tofauti. Rula zote zimekula njama.

Mchana nimekwenda dukani kwa shemeji kupeleleza, kisingizio kuazima bisibisi. Alipogeuka nikapima kasha lake kwa shubiri. Shubiri mbili kasoro kidogo. Pipa hilo! Akageuka tena, mkono wangu ungali juu yake. Hakukasirika. Alisema shemeji, ujue kwanza kazi, ndipo uchague prosesa, kasha liwe la mwisho. Maktaba wanaandika majina ya vitabu, hawarushi roketi. Nikamshukuru kwa upole. Mtego, nimeuona toka mbali! Bisibisi nimeisahau palepale.

Jumatano, tarehe 5

Nimebadilisha prosesa, nimechukua ya wati kumi. Wazo langu mwenyewe. Haitaki hata feni, joto linatokea ubavuni mwa kasha. Ikiwashwa inafunguka kwa kujivuta kidogo, lakini mwenda pole hajikwai. Nimeipima ikiwa kazini: wati tisa! Nimeweka sikio juu ya kasha. Kimya kabisa. Nikamwita mke wangu naye asikilize. Akasema anachosikia ni njaa.

Alhamisi, tarehe 6

Balaa. Mama mkwe alikuja kututembelea. Nimetoka kidogo kununua skrubu, yeye akaona kompyuta iko uchi mezani, akaifunika kwa kitambaa cha maua alichokifuma mwenyewe, na juu yake akasimamisha picha yetu ya harusi. Narudi, imejizima kwa joto. Ungeweza kupigia nguo pasi. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mashine hii inapoa kwa ngozi yake, haifunikwi. Akajibu kwamba redio yake, televisheni yake na friji yake vimefunikwa miaka yote na havijawahi kumlalamikia. Akaniita mwanangu, lakini kwa ile sauti. Mke wangu yuko upande wa mama yake.

Ijumaa, tarehe 7

Imepona! Na leo nimepata wazo la ushindi. Kile kitaa cha buluu mbele ya kasha kinakula umeme bure. Nimeukata waya wake. Akiba yenyewe hata kipimo hakikuiona, lakini haba na haba hujaza kibaba. Nasikia shemeji kaweka feni. Feni! Kimya kingi kina mshindo mkuu, kesho atajua.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeshindwa.

Niliiwasha yangu, nikarudi nyuma hatua tatu, nikasimama kama bwana harusi. Mkutubi mkuu, mama wa miwani mbili, moja puani na moja kichwani, akaja kutazama. Skrini bado nyeusi, ikijivuta. Taa hakuna. Sauti hakuna. Akasema haijawashwa, akabonyeza kitufe. Ikazimika! Nikasema mama, ilikuwa inawaka. Akaomba radhi, akabonyeza tena, ikaanza upya, akasubiri, hakuona kitu, akabonyeza. Mara nne! Ya tano nikakifunika kitufe kwa kiganja, naye akaniuliza kwa huruma kama huwa nashinda hivyo kutwa. Mwisho akasema hii yangu haipumui.

Pipa la shemeji likavuma vuuu, taa ya kijani ikawaka. Mama akatabasamu, akasema hii nayo angalau anaisikia ikifanya kazi.

Nimerudi nyumbani kwa uchochoro wa nyuma. Nimeumia, sifichi. Nilikitaka kile chumba.

Jumapili, tarehe 9

Meza imesafishwa. Tumekula mezani, mke wangu akiimba huku anapakua. Vitu vyangu vilikuwa mlangoni kwenye ndoo tatu, safari ya kwa kuku, mara shemeji akabisha hodi. Kumbe jana alipima zote mbili. Yake inakula wati thelathini na moja, betri za maktaba zisingefika adhuhuri. Amemwambia mkutubi mkuu ukweli, na mama amekubali: kompyuta zijengwe kama yangu, taa tu iunganishwe, tufanye kazi pamoja na chumba tugawane. Nilimkumbatia shemeji mpaka akakohoa. Chumba kina dirisha! Kinapakwa rangi wiki hii.

Ila taa tu haitoshi! Shemeji ni mtu mwema, haoni mbali tu. Mama yule alitaka kusikia kitu. Basi kila kompyuta nitaitia feni mbili, si za kupoza, za kuvuma tu. Wati zitaongezeka, shauri yake. Makasha madogo hayatazimeza, kwa hiyo nimeshaagiza kumi na mawili makubwa, mekundu, mazuri ajabu. Feni nitazipima baadaye. Makasha yanafika kesho asubuhi na rangi ya chumba bado mbichi, hivyo yatakaa kwenye meza ya chakula, siku chache tu. Mke wangu sijamwambia. Ana furaha sana leo.