Gemu kwa Magunia Matatu ya Mdalasini

Jumatatu, 6 Mei 2002
Kampeni za uenyekiti wa bweni zimefunguliwa rasmi. Wagombea wawili: mimi, Fransisko, mwaka wa pili Uchumi wa Kilimo, mtetezi wa mkulima, na Yunusi wa chumba namba kumi na nne, asiyetetea chochote. Nimehutubia kwenye baraza la bwalo. Mada: Soko Huria na Utumwa wa Hiari. Wasikilizaji saba. Wawili kati yao, nimegundua baadaye, walikuwa wanasubiri zamu.

Zamu ya gemu. Yunusi ana mashine ya gemu chumbani kwake, ile ya kuchezea mpira kwenye televisheni, na kila jioni watu ishirini hujazana humo wakishangilia magoli ambayo hayajafungwa na mtu yeyote aliye hai. Hao ishirini wana kura. Nimekasirika kiasi cha kushindwa kula, ingawa chakula kilikuwa maharage, ambayo nayo huwa siyamalizi.

Jumanne, 7 Mei
Nimeandika waraka. Kurasa nne. Ukurasa wa tatu unafafanua kwamba burudani ni haki ya umma wala haipaswi kuuzwa. Ukurasa wa nne, ambao ndio moyo wa hoja, unathibitisha kwamba kwa bei ya mashine ile moja mkulima wa Uluguru angeezeka nyumba nzima kwa bati. Je, chombo hicho kinastahili bei yake? Nimejibu: hapana, mara tatu, kwa herufi kubwa.

Upendo, tunayesoma naye darasa moja na ambaye huniandikia mabango (mwandiko wake ni imara kuliko msimamo wake), ameusoma wote akaniuliza kama nimewahi kuicheza. Nimemjibu kwamba daktari halazimiki kuugua malaria ndipo aitibu. Akasema ni kweli, lakini huwa anaipima kwanza.

Alhamisi, 9 Mei
Waraka ulibandikwa asubuhi. Saa sita mchana ukurasa wa nne ulikuwa umegeuzwa, na mgongoni pameandikwa kwa kalamu nyekundu: ROBO FAINALI, CHUMBA 14. Wametumia pini zangu.

Nimekwenda kulalamika kwa Yunusi ana kwa ana. Akanipokea vizuri, hiyo ndiyo tabia yake mbaya. Akanipisha kitini, akanimiminia chai, akaniwekea mkononi kile kishikio chenye vitufe wanachokiita pedi. Nimekubali kucheza mechi moja kwa ajili ya utafiti. Nimefungwa saba bila. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Komredi, huyo beki wako anasubiri azimio la kikao ndipo akabe?" Wakacheka mpaka kitanda kikalia. Nikadai marudiano, kwa misingi ya haki. Nimekosa kipindi cha saa nane na cha saa tisa.

Ijumaa, 10 Mei
Mjomba Paulo ameshuka kutoka kijijini kwetu Matombo na lori la ndizi. Amekuja na magunia matatu ya mdalasini, kazi ya masika yote, maana gome hubanduka vizuri mvua zikiwa bado zinanyesha. Chumba kizima sasa kinanukia pilau ambayo haipo.

Kwetu Uluguru baba hukupa jina, mjomba hukupa shamba. Na paa la dada yake likivuja, aibu ni ya mjomba. La Mama linavuja. Nyasi zimeoza. Tangu Machi amekihamisha kitanda mara tatu, na sasa amebakiwa na pembe moja ya nyumba. Mjomba anataka mabati thelathini. Wachuuzi wa kule juu wanampunja, na wakati wa Krismasi nilimhutubia saa mbili nzima kuhusu mizani za walanguzi. Kwa hiyo kaniachia mimi kazi ya kuuza. "Wewe ndiye uliyesomea mizani," amesema. Atarudi Jumamosi ya tarehe 18 kuchukua mabati. Nimemwambia asiwe na shaka.

Jumapili, 12 Mei
Nimetafakari tangu misa hadi chakula cha mchana. Kiongozi wa kweli huwafuata raia walipo. Raia wapo kwenye gemu. Basi!

Mpango ni huu. Magunia matatu yananunua mashine ya gemu. Kila mchezaji anatoa kiasi kidogo kwa mechi. Baada ya wiki tatu zinapatikana hela za mabati thelathini, pengine na za mifereji ya kukinga maji, jambo ambalo Mjomba hakuwahi hata kuliota. Na kura zote zinahamia kwangu. Nimeupitia upya ukurasa wa nne. Hoja yake ilikuwa sahihi kwa gemu iliyo mikononi mwa Yunusi. Mikononi mwangu haiwi anasa tena, inakuwa nyenzo ya uzalishaji.

Upendo ameuliza Mama atalala wapi hizo wiki tatu. Nimemweleza kwamba historia hudai kafara. Akauliza kwa nini historia imeamua kukilalia kitanda cha mama yangu badala ya changu. Siku nyingine hana msaada kabisa.

Jumanne, 14 Mei
Nimekwenda kwa Abuu, karibu na Soko Kuu. Mbele ya duka ananunua viungo. Nyuma anauza vyombo vya umeme kutoka Dubai. Hili ndilo soko huria ndani ya kuta nne, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia hivyo. Alipoweka gunia la kwanza kwenye mizani, niliona wazi kwamba mshale wake huanzia chini ya sifuri. Nilikuwa na hotuba kamili kuhusu mshale ule ule. Lakini gemu ilikuwa juu ya meza, bado imo kwenye nailoni yake. Nikaiahirisha hotuba.

Abuu alitaka magunia yote matatu. Nikabishana naye vikali, nikampa yote matatu, akaniongezea pedi ya pili. Ushindi.

Nimelifungua boksi bwenini mbele ya mashahidi kumi na mmoja. Nikaiweka gemu mezani, nikasimama kando. Wakaizunguka. Kisha mmoja akauliza televisheni iko wapi.

Sina televisheni.

Jumatano, 15 Mei
Nimejaribu ile ya ukumbini. Nimefanikiwa kuunganisha waya sekunde chache kabla ya taarifa ya habari. Sitaandika niliyoitwa. Baadhi yao ni wanafunzi wa theolojia.

Nimerudi kwa Abuu kuomba aichukue mashine na kunirudishia mdalasini. Amenikumbusha, kwa adabu, kwamba mali ikishauzwa hairudi, na kwamba magunia yameshaondoka kwenda Dar. Akanionyesha televisheni ya inchi kumi na nne. Akauliza kama mjomba wangu amebakiza mdalasini.

Jioni Yunusi amebisha hodi mwenyewe. Akasema amesikia matatizo yangu, akasema sisi ni ndugu na siasa isitutenganishe. Ananiazima televisheni yake, bure, hadi Jumamosi saa kumi jioni. Nimeipokea kwa heshima ya mshindi. Mtu huyu ameshatambua upepo unakoelekea.

Alhamisi, 16 Mei
Chumba kimejaa. Watu ishirini na watatu, wengine dirishani. Chumba namba kumi na nne kitupu. Nimemwona Yunusi kwa macho yangu akizunguka mlango hadi mlango, anasalimia watu mikono mitupu, maskini, hana hata karatasi.

Tatizo moja. Nilipopitisha kikombe cha kukusanyia malipo, mmoja wao akasimama na kunisomea ukurasa wa tatu wa waraka wangu, ule wa burudani na haki ya umma. Alikuwa ameuhifadhi. Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa sentensi ilikuwa nzuri. Kikombe kikarudi kitupu. Hela za mabati zitapatikana baada ya ushindi.

Mvua kubwa milimani tangu jana. Kutoka hapa Uluguru haionekani. Nimejaribu kutokufikiria ile pembe moja.

Jumamosi, 18 Mei
Kura zilipigwa saa nane hadi saa kumi. Nami, ili wafuasi wangu wasitawanyike, niliandaa Kombe la Mshikamano muda uo huo, chumbani kwangu. Utaratibu ulikuwa mzuri sana. Hakutawanyika mtu. Fainali ilinikutanisha na kijana anayesomea misitu. Nilikuwa naongoza mbili kwa moja Yunusi alipoingia, saa kumi kamili, akatusalimia wote kwa majina, akachomoa televisheni yake. Tukamsaidia kuibeba.

Matokeo: Yunusi 61, mimi 54. Nimedai zihesabiwe upya. Zimehesabiwa. Upendo ameniuliza chumbani kwangu tulikuwa wangapi. Tisa, nami nikiwemo. Akauliza wangapi kati yetu walipiga kura. Nimemwambia huu si wakati wa takwimu.

Mjomba alikuwa ameketi kitandani kwangu niliporudi. Shikamoo, marahaba. Akauliza mabati yako wapi. Nikaanza na tofauti kati ya bei na thamani, nikapita kwenye mtaji na subira, nikafika kwenye mifereji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwetu mtu hakatizwi. Kisha akauliza tena, "Mjomba, mabati yako wapi?"

Nikamwonyesha boksi.

Akaligeuza. Akauliza inakula nini. Umeme. Akauliza inahitaji nini kingine. Nikasema televisheni. Akatazama chumbani, pembe zote nne, bila haraka. Akasema Mama ameshawaambia majirani upande watakaoanzia kugongelea misumari, na kwamba Martina wa jirani ameshapika togwa ya mafundi. Afadhali angefoka; hotuba ya kujibu ukali ninayo, ya kujibu togwa sina.

Halafu akalifunga boksi kwa kamba zile zile zilizokuwa zimefunga magunia. Kilichonunuliwa kwa mdalasini wa ukoo, amesema, ni cha ukoo. Akaliweka begani, akaelekea lilipo lori. Gemu inakwenda Matombo, ambako hakuna nguzo hata moja ya umeme. Huu ndio upotevu.

Jumapili, 19 Mei
Yunusi amekuja kunipa pole. Amenipa unaibu. Nimekataa kwa misingi. Baadaye nimeukubali, kwa misingi mingine.

Jumamosi, 25 Mei
Dereva wa lori ameniletea mkungu wa ndizi na barua ya Mjomba. Ameandika kwa ufupi. Pale Matombo kuna mtu anaitwa Kibwana, mwenye kibanda cha video: ana jenereta, ana televisheni, na kila Jumapili vijana wanagombania benchi. Alikuwa amenunua mabati thelathini na tano ili akipanue kibanda. Alipoiona gemu aliyatoa yote, yale mawili yenye kutu yakiwemo. Nyumba ya Mama imeezekwa tangu Alhamisi. Matano yaliyobaki yamekwenda jikoni. Mama anasema mvua sasa inapiga kelele hata hasikii mtu akibisha hodi, lakini kitanda amekirudisha mahali pake. Mjomba anamalizia kwamba mdalasini wa mavuno yajayo atauuza yule binti mwenye mwandiko mzuri aliyezungumza naye siku ile akinisubiri, na ananiomba nimfikishie Upendo barua hii.

Nimeisoma mara tatu. Macho yaliniuma kidogo pale kwenye kitanda. Ni vumbi la lori.

Sasa tuseme ukweli. Gemu ilinunuliwa kwa thamani ya mabati thelathini, ikauzwa thelathini na tano ndani ya siku chache. Ilistahili bei yake, na ziada. Ni nani aliyeliona hilo kabla ya wote? Ukurasa wa nne utahitaji marekebisho madogo. Nashukuru pia kwamba Mjomba, kwa hekima yake, ameniteulia msaidizi.

Nilipokuwa nikienda kumpelekea Upendo barua, nimepita kwa Abuu. Ameleta dishi la setilaiti, pana kama ungo wa kupepetea mpunga wa kijiji kizima. Linanasa stesheni mia mbili kutoka dunia yote. Nimelizunguka mara mbili. Halihitaji gemu hata kidogo. Naibu Mwenyekiti akiliweka juu ya bweni, nani atakwenda chumba namba kumi na nne?

Abuu anasema kwangu mimi atapokea magunia mawili tu. Barua ya Upendo bado iko mfukoni. Nimeanza kumwandikia Mjomba.